Sajili ya Hospitali na Afya ya Mwanakijiji: Nafasi ya Muuguzi katika Kuondoa Vizuizi vya Matibabu Mashambani

Utangulizi

Wahenga waliamba kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na kila tunapoitumia lawama humwangukia mgonjwa: yeye ndiye aliyeficha, yeye ndiye aliyechelewa na yeye ndiye aliyeumbuka. Ni nadra kwetu kuuliza swali la pili. Je, vipi kuhusu mgonjwa ambaye hakuficha chochote, aliyefika hospitalini kwa miguu yake, akaeleza, akaelezwa, akapewa dawa, kisha akarudi nyumbani na kuumbuliwa na neno moja tu ambalo yeye na muuguzi hawakulielewa kwa namna moja?

Nyanya yangu ni mgonjwa wa aina hiyo. Anaishi Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, na amekuwa na ugonjwa wa kisukari kwa muda mrefu. Miaka michache iliyopita alipata kidonda mguuni, akapelekwa katika hospitali moja ya umma. Huko alisafishwa kidonda, akapewa vidonge 21 vya kuua vijidudu na kuambiwa ameze kimoja kila saa nane. Nilipomtembelea siku ya saba, nilikuta vidonge 14 vimesalia. Nyanya hakuwa amekaidi. Kila siku, ifikapo saa nane mchana, aliketi chini ya mwembe, akaitisha maji na kumeza kidonge kimoja kwa nidhamu ya mtu anayetekeleza ibada. Muuguzi alimaanisha muda wa saa nane baina ya kidonge na kidonge. Nyanya alisikia saa nane ya mchana. Wote wawili walizungumza Kiswahili sanifu, na wote wawili walikuwa sahihi. Kidole kimoja cha mguu wa nyanya hakikuokolewa.

Sidai kuwa kidole hicho kilipotea kwa sababu ya neno peke yake, kwani kidonda cha mgonjwa wa kisukari kina mambo mengi. Hata hivyo, tukio hilo ndilo lililonifanya nianze kuitazama sajili ya hospitali kwa jicho jingine. Makala haya yananuia kufafanua vizuizi vinavyomzuia mgonjwa wa mashambani kupata matibabu, na kuonyesha jinsi muuguzi anavyoweza kuvipunguza kwa kutumia lugha na hekima ya jamii. Aidha, makala yanapendekeza mchango ambao sisi, wanafunzi na walimu wa Kiswahili, tunaweza kuutoa.

Vizuizi vyenyewe ni vipi?

Mwaka wa 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza vifo vya akina mama wajawazito kwa kutumia kile ambacho tangu hapo kimejulikana kama ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta matibabu. Wa pili ni kuchelewa kufika mahali penye matibabu. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa ipasavyo baada ya kufika. Ijapokuwa nadharia hii iliwahusu akina mama, inaweza kutumiwa kueleza masaibu ya takriban kila mgonjwa wa kijijini.

Katika ngazi ya kwanza kuna hofu, aibu, imani kuhusu chanzo cha ugonjwa, na suala la nani mwenye kauli ya mwisho katika boma. Katika ngazi ya pili kuna umbali, barabara inayokatika wakati wa masika, na nauli ya bodaboda ambayo aghalabu hupanda maradufu usiku. Katika ngazi ya tatu kuna foleni, upungufu wa dawa, uchache wa wahudumu na, zaidi ya yote kwa makusudi yetu, kutoelewana.

Si kwamba taifa halijatambua haki ya mgonjwa. Azimio la Alma-Ata la mwaka wa 1978 lilitilia mkazo huduma za afya ya msingi zilizo karibu na watu. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kufikia kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Fauka ya hayo, Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, katika Kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya, pale inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Kwa maneno mengine, kueleweka si hisani anayotendewa mgonjwa. Ni haki yake kisheria.

Kati ya sheria hiyo na mwembe wa nyanya yangu, anasimama muuguzi. Katika mpangilio wa huduma za afya nchini, jamii yenyewe ni ngazi ya kwanza, zahanati ni ya pili na kituo cha afya ni cha tatu. Zahanati nyingi za mashambani huendeshwa na wauguzi. Yeye ndiye anayepokea, anayepima, anayetoa dawa, anayechanja na anayezalisha. Si ajabu kwamba wanakijiji wengi humwita “daktari”. Kwao, hospitali ni yeye.

Sajili tuliyoikariri

Mwanafunzi yeyote wa isimujamii anaweza kuzitaja sifa za sajili ya hospitali akiwa amefumba macho: msamiati maalumu wa maradhi na dawa, kuchanganya ndimi, sentensi fupi fupi, maswali na majibu, kauli za kuamrisha na lugha ya upole. Tumeziandika katika mitihani na tukatunukiwa alama. Jambo ambalo hatukuulizwa mtihanini ni hili: kati ya sifa hizo, ni ipi inayomponya mgonjwa na ni ipi inayomdhuru?

Chukua suala la wakati. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia macheo na machweo, na neno “saa” lina dhima mbili: hutaja nukta ya wakati na pia hutaja muda. “Kila saa nane” inaweza kuwa mara tatu kwa kutwa nzima au mara moja kila alasiri inapokaribia. Walimu wetu hutusahihisha, na kwa haki yao, tunaposema “masaa”. Lakini ni vyema tukiri kwamba matumizi hayo ya mtaani yamejaribu kuziba pengo halisi, kwa kutenganisha masaa ya muda na saa ya nukta. Muuguzi anayetaka kubaki katika usanifu ana njia nyingine: ataje nyakati zenyewe. “Meza kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kimoja saa nane mchana na kimoja saa nne usiku.” Kwa mgonjwa asiyekuwa na saa, alama za siku zinatosha: jogoo anapowika, jua linapoanza kupinda, na watu wanapokwenda kulala.

Tatizo jingine la wakati linahusu siku. Kwa wazee wengi wa pwani, siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni kwa kalenda ya ofisini. Muuguzi anayemwambia mzee asile chochote usiku wa Ijumaa ili apimwe damu Jumamosi asubuhi anaweza kumfungisha mzee huyo usiku usiohusika, kisha amlaumu kwa kuja akiwa ameshiba. “Usiku wa kuamkia Jumamosi” ni kauli isiyo na utata wowote, na ni Kiswahili fasaha.

Chukua pia maneno “chanya” na “hasi”. Katika mazungumzo ya kawaida, jambo chanya ni jambo jema. Mgonjwa anayeambiwa kuwa matokeo yake ya kipimo ni chanya anaweza kutabasamu na kumshukuru Mungu. Hapana ubaya kusema kwa uwazi na kwa sauti ya chini: “Kipimo kimeonyesha kwamba virusi vimo katika damu yako. Kuna dawa, na ukizitumia vizuri utaishi.” Sentensi hizo ni ndefu kuliko neno moja, lakini hazihitaji kufasiriwa.

Hali kadhalika, kuna tofauti kubwa baina ya kupata nafuu na kupona, tofauti ambayo Kiswahili kinayo tayari ila haitumiwi ipasavyo. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Baada ya wiki chache, kikohozi hupungua, uzito hurudi na mgonjwa huona hana haja ya kuendelea kusafiri kufuata dawa. Anapoacha, vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu. Muuguzi aliyetangulia kumwambia “utapata nafuu mapema, lakini nafuu si kupona” amempa silaha ya kushindana na udanganyifu wa mwili wake mwenyewe. Vilevile, mgonjwa wa presha au kisukari anastahili kuambiwa tangu siku ya kwanza kuwa maradhi yake yanadhibitiwa, na kwamba kumalizika kwa vidonge si kumalizika kwa ugonjwa.

Tasfida: heshima inayoponya na heshima inayoficha

Mswahili hasemi kila kitu kwa jina lake. Tuna tasfida tele: kujifungua, haja ndogo, haja kubwa, kuwa katika siku zake, kutokewa na nguo za ndani za maneno tunapozungumza mbele ya wakwe. Wanaodhani kuwa lugha ya kitaaluma ni lazima iwe uchi wanakosea. Msichana aliyefunzwa kwamba viungo fulani havitajwi mbele ya mtu mzima hatafumbua kinywa kwa sababu tu amevuka kizingiti cha zahanati.

Hata hivyo, tasfida ina hatari yake. Mama anaposema “tumbo linanisumbua”, huenda anazungumzia kidonda cha tumbo, hedhi, mimba, au maambukizi aliyoyapata kwa mumewe. Mzee anaposema “nguvu zimepungua”, huenda anamaanisha uchovu wa mwili au jambo jingine ambalo angependa muuguzi alikisie. Hapa ndipo ile methali nyingine inapotufaa: mficha uchi hazai. Lakini ni nani wa kuanza kuufunua? Naona ni muuguzi, na anapaswa kufanya hivyo kwa adabu.

Njia mojawapo ni kutumia nafsi ya tatu. Badala ya kumuuliza mama, “Je, mkojo hukutoka ovyo?” muuguzi anaweza kusema: “Mama, wapo wanawake ambao baada ya kujifungua kwa uchungu wa muda mrefu hushindwa kuzuia haja ndogo. Si kosa lao na si laana. Ni jeraha, na aghalabu hutibika kwa upasuaji. Kuna lolote la namna hiyo linalokusumbua?” Ugonjwa unaozungumziwa ni nasuri ya uzazi, maarufu kama fistula. Wanaougua huweza kujitenga kwa miaka kwa sababu ya harufu na fedheha. Wengi hawajui kuwa wapo wengine kama wao. Nafsi ya tatu inampa mama nafasi ya kujitambulisha bila ya kujianika.

Njia ya pili ni ya viitwa vya ukoo na heshima. Muuguzi wa miaka 25 anayemwita mwanamke wa miaka 70 kwa jina lake la kwanza, kama lilivyoandikwa kwenye faili, amemvua nguo kabla hajampima. Anapomwita “nyanya” au “mama”, akamwamkia kwanza kisha ndipo akauliza la ugonjwa, amepoteza nukta chache tu za wakati na amejishindia mgonjwa atakayerudi. Heshima si utumwa.

Njia ya tatu inahusu wakalimani. Katika sehemu nyingi za mashambani, wazee huzungumza lugha ya mama na muuguzi ametoka kaunti nyingine. Anayekalimani huwa ni mtoto aliyemsindikiza mgonjwa. Nilipokuwa darasa la sita niliwahi kutwikwa kazi hiyo. Muuguzi aliniagiza nimuulize shangazi yangu jambo la faragha la uzazi. Nilikosa maneno katika Kigiriama na nilikosa ujasiri katika lugha zote. Nilimuuliza kama amekula. Shangazi akajibu kuwa amekula, nami nikamwambia muuguzi “amesema hapana”. Hadi leo sijui jibu langu liliandikwa vipi katika faili ile. Tangu hapo nimeamini kuwa mtoto hafai kuwa mkalimani wa mzazi wake. Muuguzi asiyejua lugha ya mahali anaweza kumtumia mhudumu wa afya ya jamii wa jinsia moja na mgonjwa, baada ya kumwomba mgonjwa idhini na kumkumbusha mhudumu wajibu wa kutunza siri. Hata salamu na maneno ishirini ya lugha ya mahali, yakijifunzwa katika mwezi wa kwanza wa kazi, hufungua milango ambayo dawa haziwezi kuifungua.

Majina ya maradhi na imani za watu

Jina la ugonjwa hubeba nadharia ya chanzo chake. Mfano bora ni degedege. Mtoto mwenye homa kali hukakamaa, macho yakageuka na viungo vikatetemeka. Katika pwani yetu wapo wanaolihusisha jina hilo na dege, yaani pepo mwenye umbo la ndege, na miongoni mwa Wamijikenda ugonjwa huo hutajwa pia kama nyuni, neno lenye maana ya ndege. Ikiwa chanzo ni pepo, basi mantiki inamtaka mzazi aanze kwa mganga. Mzazi huyo si mjinga; anafuata jina linakompeleka.

Muuguzi anayecheka na kusema “hakuna kitu kama degedege” amepoteza mtoto wa leo na wa kesho, kwa kuwa mzazi ameyaona kwa macho yake. Aliye na busara hulikubali jina kisha akaliongezea maana: “Degedege ipo. Huweza kuletwa na homa kali, na mara nyingi huku kwetu homa hiyo ni ya malaria. Mtoto akishikwa, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, na umlete hapa mara moja hata kama ni usiku.” Kwa njia hii, muuguzi hakubomoa nyumba ya mtu, amefungua dirisha.

Vivyo hivyo kuhusu damu. Visa vya mumiani, wanaodaiwa kuwanyonya watu damu, vimesimuliwa Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa. Wanafasihi simulizi huvichukulia kama visasili vya enzi ya ukoloni, lakini kwa bibi anayetolewa damu katika chupa ndogo, kisa hicho kinaweza kuwa hai. Inatosha kumwonyesha chupa na kumwambia kuwa kiasi kinachochukuliwa hakizidi sana kijiko kimoja cha chai, kitapimwa wapi, na majibu yatarudi lini. Siri ndiyo inayolisha uvumi.

Mkunga wa jadi naye hapaswi kusahaulika. Kwa muda mrefu amechukuliwa kuwa mshindani wa zahanati. Mnamo mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu kujifungua, yakiwemo kumruhusu mama awe na mwandani anayemtaka na kumwachia achague mkao unaomfaa, hata wa wima. Mambo haya mawili, mwandani na mkao, ni miongoni mwa sababu zinazowafanya akina mama wapende kujifungulia nyumbani. Muuguzi anayemkaribisha mkunga aingie pamoja na mama, amshike mkono na kumtuliza, huku kazi ya uzalishaji ikibaki kwa aliyesomea, amemgeuza mshindani kuwa mjumbe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Njia, mfuko na mwenye kauli

Itakuwa ni kujidanganya tukidai kuwa lugha peke yake itaondoa vizuizi vyote. Ufasaha haujengi daraja, wala tasfida hailipi nauli. Hata hivyo, hata katika masuala haya muuguzi ana nafasi.

Kuhusu umbali, anaweza kupanga huduma zake ili safari moja ifanye kazi ya safari tatu: mtoto achanjwe, mama apewe huduma ya uzazi wa mpango na nyanya aliyewasindikiza apimwe presha siku hiyo hiyo. Anaweza kuilinganisha siku ya kliniki na siku ya soko. Kwa wagonjwa wa virusi vya UKIMWI ambao hali yao ni imara, utaratibu wa nchini tayari unaruhusu kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, au mmoja wa kikundi kuwachukulia wenzake. Kwa mjamzito, mazungumzo ya mpango wa kujifungua yanapaswa kufanywa mapema: ni nani mwenye pikipiki, nambari yake ya simu ni ipi, nani atabaki na watoto, na kiasi gani cha fedha kimewekwa kando.

Kuhusu gharama, mengi yamebadilika na mabadiliko yenyewe ni kizuizi. Ada za zahanati na vituo vya afya vya umma zilifutwa mwaka wa 2013, na mwaka huo huo huduma za kujifungua katika hospitali za umma zikatangazwa kuwa bila malipo. Mnamo Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Mwananchi asiye na ajira rasmi hutakiwa kujisajili, kisha mchango wake hukadiriwa kwa asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Mwanakijiji asiyekuwa na simu au kitambulisho huweza kudhani kwamba mlango umefungwa kabisa. Maelezo ya dakika tano, yakitolewa kwa lugha nyepesi wakati watu wanasubiri katika benchi, yanaweza kumwokoa mtu asibaki nyumbani kwa kuogopa deni ambalo huenda asidaiwe.

Kuhusu mwenye kauli, ni vyema muuguzi atambue kuwa mgonjwa anayeketi mbele yake mara nyingi hana uamuzi wa mwisho. Uamuzi uko kwa mume, mama mkwe au kaka mkubwa. Kumwambia mama kijana apuuze wakwe zake ni kumpa dawa asiyoweza kuimeza. Kumwalika mama mkwe aje kliniki, kumketisha pahala pa heshima na kumwomba msaada wa kuzitambua dalili za hatari ni mkakati wa kale wa Waswahili: mkubwa akishirikishwa, hulilinda jambo kama lake. Kinyume na hapo, muuguzi afahamu pia kwamba kuna siri ambazo mama mkwe hapaswi kuzisikia, na mlango ufungwe inapobidi.

Katika kazi hii hayuko peke yake. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, waliokabidhiwa vifaa vya kupimia presha, sukari, joto na uzito. Hawa ni watu wa kijiji kile kile na wanazungumza lugha ile ile. Muuguzi anayekutana nao kwa ukawaida, akawafunza namna ya kusema na si kile cha kusema tu, huongeza mikono na ndimi zake.

Je, muuguzi alaumiwe?

Msomaji anaweza kudhani kuwa makala haya yamemtwika muuguzi mzigo wa taifa zima. Sikusudii hivyo. Muuguzi wa zahanati huweza kuhudumia foleni ndefu akiwa peke yake, huku kabati la dawa likiwa tupu na mama akiugua uchungu wa kuzaa katika chumba cha pili. Mgomo wa wauguzi wa mwaka wa 2017, ulioanza Juni na kumalizika Novemba, ulidhihirisha kuwa kada hii ina malalamiko ya muda mrefu. Aidha, muuguzi amefunzwa kwa Kiingereza, anajaza faili kwa Kiingereza, na hutarajiwa kuyahamisha maarifa hayo hadi Kiswahili na lugha ya mama papo kwa hapo, bila kamusi wala mafunzo ya tafsiri. Sisi tunaosomea tafsiri kwa miaka tunajua ugumu wa kazi hiyo. Yeye hakupewa hata muhula mmoja.

Kwa hivyo swali linarudi kwetu. Tumeandika tasnifu ngapi kuhusu sajili ya hospitali ambazo hazikuwahi kurudishwa katika hospitali zilikokusanyiwa data? Napendekeza mambo matatu. Mosi, chama chetu kishirikiane na shule za uuguzi kuandaa kijitabu chepesi cha maelezo ya dawa na vipimo, ambacho rasimu yake itasomwa kwanza na wagonjwa wenyewe na si wahariri pekee. Pili, wanafunzi wanaotafiti katika kaunti zao wakusanye majina ya maradhi na tasfida zake katika lugha za mahali, na nakala moja iachwe katika zahanati husika. Tatu, mihadhara ya isimujamii iwe ikiwaalika wauguzi watufunze jinsi lugha inavyofanya kazi pale ambapo kosa halikatwi alama bali hukata kidole.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa vizuizi vya matibabu mashambani ni vya uamuzi, vya safari na vya huduma yenyewe, na kwamba katika kila kimoja muuguzi ana la kufanya. Yameeleza pia kwamba utata wa saa na siku, majina ya maradhi, tasfida na viitwa vya heshima ni sehemu ya tiba.

Baada ya mkasa wake, nyanya alihamishiwa zahanati iliyo karibu na kwao. Muuguzi wa huko alimpa dawa mpya, akamweleza, kisha akamuuliza: “Nyanya, ukifika nyumbani mjukuu wako akikuuliza dawa hizi zinamezwa vipi, utamjibuje?” Nyanya alijibu, akakosea. Muuguzi hakukasirika. Alisema, “Sikueleza vizuri,” akarudia, akachora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi juu ya pakiti, kisha akamuuliza tena. Mara ya pili nyanya hakukosea. Zoezi zima lilichukua muda mfupi kuliko kuandika kichwa cha makala haya.

Kidonda kilifunga. Pakiti ile yenye jua na mwezi bado ameihifadhi katika kikapu chake pamoja na kitambulisho, na kila nimtembeleapo hunionyesha, hunieleza upya jinsi dawa zile zilivyomezwa, na husubiri nimwambie kwamba amepata.